Wapenzi Wanaochomana kwa Maneno: Utani, Jukwaa na Kofi la Tunduma

Kuna swali ambalo huwapa wanafunzi wangu karibu kila mwaka. Wapo wapenzi wawili wenye vichwa vigumu. Hawawezi kukaa chumba kimoja bila kuchomana kwa maneno, kila mmoja ameapa mbele ya watu kwamba mwenzake hafai hata kwa bure, na mtazamaji anajua tangu onyesho la kwanza kwamba hawa wataoana. Wahusika hawa wameingiaje katika ramsa ya Kiswahili, yaani tamthilia yetu ya kuchekesha?

Majibu mengi yanafanana. Wanaandika kwamba walikuja na Mwingereza, kupitia shule za wakoloni na michezo ya Shakespeare, na wanaandika hivyo kwa uhakika unaonitisha kidogo. Jibu hilo lina chembe ya kweli. Jukwaa lenye pazia, viti vya watazamaji vilivyopangwa safu na mchezo wenye maonyesho yaliyohesabiwa vilikuja hivyo. Lakini ugomvi wenyewe wa wapenzi, ule wa kutukanana kwa mapenzi, haukuhitaji meli. Ulikuwapo. Ulikuwa na jina, kanuni na adhabu zake. Uliitwa utani.

Mimi ni mtoto wa Mbozi. Bibi mzaa mama aliniita mume wake tangu nilipoanza kutembea. Aliponikuta nimekaa kivulini alinilaumu mbele ya wageni kwamba ameolewa na mvivu, watoto watakula nini? Nami nilifundishwa kumjibu: kwamba mke gani huyu asiye na meno, anayenimalizia ugali kwa kuumumunya. Nilipooa, alimpokea mke wangu kwa jina la mke mwenza na kumwambia wazi kwamba yeye ndiye mkubwa, mahari yake ililipwa zamani. Msomaji wa Kitanzania hahitaji maelezo; anaye bibi wa namna hiyo au aliwahi kuwa naye. Mjukuu wa kike naye alipata mafunzo hayohayo kwa babu yake. Babu anamposa, mtoto anakataa, babu anatishia kurudi na ng'ombe, mtoto anamwambia ng'ombe hao wamekonda kama mwenyewe, na wazazi wanacheka. Hapo binti wa miaka sita anajifunza kumkataa mwanamume kwa maneno, hadharani, bila kuogopa. Sijui shule nyingine iliyowahi kufundisha somo hilo mapema hivyo.

Wataalamu walilitazama jambo hili kwa makini zaidi kuliko tunavyolitazama sisi. Mwaka 1940 Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown alichapisha makala kuhusu uhusiano wa utani, ambayo bado inasomwa katika idara za anthropolojia duniani kote. Hoja yake ni rahisi kuieleza. Ndoa huunganisha nyumba mbili ambazo hazikuwa kitu kimoja, na ambazo kwa sehemu zinabaki kuwa mbali. Umbali huo unazaa hatari ya ugomvi wa kweli. Jamii nyingi zina njia mbili za kuuzuia. Ya kwanza ni heshima ya kupindukia, hata mtu asimtazame mkwewe usoni. Ya pili ni utani: watu wanapewa ruhusa ya kutukanana, kwa sharti kwamba asikasirike mtu. Urafiki na uadui vinachezwa kwa wakati mmoja, na kwa kuwa vinachezwa, havipigani. Ukitaka maelezo mafupi ya wapenzi wa ramsa, utayapata hapo, ingawa mwandishi hakuwa akizungumzia jukwaa hata kidogo.

Hapa Tanganyika R. E. Moreau aliandika kuhusu utani wa makabila katika miaka hiyohiyo ya 1940, na katika miaka ya 1970 Stephen Lucas wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliwatuma wanafunzi wake kukusanya habari za watani katika jamii zao. Kinachojitokeza ni kwamba utani una ngazi nyingi. Uko wa babu na mjukuu, wa mabinamu, wa mashemeji, na uko wa makabila mazima. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo ni watani wanaoweza kunyang'anyana kuku na kuzikana kwa mbwembwe. Vita iligeuzwa mchezo, na mchezo ukawa udugu.

Nchi ya Songwe ilikuwa na sababu za pekee za kuujua ustadi huu. Wanyiha, Wanyamwanga, Wandali, Walambya, Wamalila, Wabungu, Wawanda na Wanyakyusa wamebanana katika eneo ambalo mtu huvuka lugha tatu kwa safari ya siku moja. Kisha mwaka 1890 Wajerumani na Waingereza walikaa Ulaya wakachora mpaka kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ukawaacha Wanyamwanga wengine upande wa Tunduma na wengine upande wa Nakonde. Shangazi akabaki nchi moja na mpwa nchi nyingine. Baadaye vijana wetu walianza kuvuka mpaka huohuo kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na wengine mbali zaidi, hadi Afrika Kusini. Huko walikutana na watu wasiowajua kabisa. J. Clyde Mitchell alichapisha mwaka 1956 kitabu kidogo kuhusu ngoma ya kalela aliyoiona Luanshya, katika ukanda wa shaba. Wachezaji wake walikuwa Wabisa, wamevaa nadhifu kwa mtindo wa Kizungu, wakiimba kuisifu kwao na kuwakejeli makabila mengine yaliyokuwa yamesimama palepale yakitazama na kucheka. Mitchell aliihusisha ngoma hiyo moja kwa moja na utani. Wageni waliolazimika kuishi pamoja walipata njia ya kuambiana kweli bila kuchomana visu. Jambo lililofanya kazi kati ya kabila na kabila mgodini ndilo lililokuwa likifanya kazi kati ya mume na mke nyumbani, maana mke naye kwa kawaida alikuwa mgeni katika ukoo wa mume.

Lakini nisiwauzie wasomaji asali isiyo na nyuki. Jamii iliyomruhusu mwanamke kumtukana binamu yake ndiyo iliyomkataza kukutana uso kwa uso na baba mkwe. Monica Wilson, aliyeishi Unyakyusa katika miaka ya 1930, ameeleza jinsi mke alivyopaswa kumkwepa baba mkwe wake kabisa: kutolitaja jina lake, kutokuwa naye chini ya paa moja, kuacha njia anapomwona kwa mbali. Utani haukuwa uhuru wa mwanamke. Ulikuwa kipande cha ardhi kilichozungushiwa ua, na ndani ya ua huo mwanamke alikuwa na nusu kamili ya maneno. Nje ya ua alinyamaza. Nasisitiza kipande hicho kwa sababu ndicho kilichopelekwa jukwaani, na nataka tuone kilipofika huko kilifanywa nini.

Tuanze na mgeni. Mwaka 1666, mjini Paris, Molière aliandika ramsa fupi inayoanza na mume na mke wakigombana. Mume ni mkata kuni mlevi, mke ni mwenye ulimi. Wanarushiana maneno sawa kwa sawa, na mume anapoishiwa anachukua fimbo. Jirani anakuja kuamua. Mke anamgeukia jirani huyo, anamwambia kwamba anataka kupigwa na mumewe na hayamhusu, kisha anampiga jirani kofi. Watu wanacheka sana hapo. Kisha mke anabaki peke yake na kupanga kisasi: anawaambia wapita njia kwamba mume wake ni tabibu bingwa, ila hukiri utabibu wake baada ya kupigwa tu. Mchezo wote unaobaki umejengwa juu ya kisasi hicho. Tamthilia hii ilitafsiriwa kwa Kiswahili tangu enzi za ukoloni kwa jina la Tabibu Asiyependa Utabibu. Kwa hiyo mmoja wa wanandoa wagomvi wa kwanza kuchapwa katika tamthilia ya Kiswahili alikuja na fimbo mkononi. Lakini tazama vizuri: Molière hakumwacha mume ashinde kwa fimbo. Fimbo ilimrudia, na aliyeirudisha ni akili ya mke. Anayeiiga tamthilia hii kwa kuchukua kipigo na kukiacha kisasi amechukua maganda.

Pwani kulikuwa na njia nyingine. Katikati ya maonyesho ya taarabu vilichezwa vichekesho vifupi ili hadhira ipumzike, na Ebrahim Hussein aliichukua sura hiyo alipoandika Alikiona, iliyochapishwa mwaka 1970 pamoja na Wakati Ukuta. Alikiona ni habari ya mke asiye mwaminifu, na jina lake lenyewe linatangaza malipo kabla hujafungua ukurasa. Wakati Ukuta ina binti, Tatu, anayesimama kidete mbele ya wazazi wake na kujichagulia mchumba, naye anakuja kulipia uchaguzi huo. Hussein ni mwandishi mkubwa, na sisemi kwamba alikusudia kuwaadhibu wanawake. Tatu ana sauti ambayo hutaisahau. Ninachosema ni kwamba kichekesho kama sura ya sanaa kilikuwa tayari na mazoea yake: mwanamke mwenye ulimi huchekesha kwa dakika ishirini, na katika dakika ya ishirini na moja anakiona.

Mwaka 1969 lilitokea jambo ambalo wanahistoria wa siasa na wanahistoria wa fasihi wameliandika kila mmoja kwenye daftari lake, bila kulisoma daftari la mwenzake. Mwaka huo Rais Julius Nyerere alitoa Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare. Azimio la Arusha lilikuwa na miaka miwili, na neno mabepari lilituelekeza sote kumtazama Shylock, deni na ratili ya nyama. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa na hivyo ndivyo tunavyofundisha. Lakini tamthilia haiishi mahakamani. Sehemu ya tano, ambayo wanafunzi wengi huiruka kwa kuwa kesi imekwisha, ni ugomvi wa mke na mume. Portia alimpa Bassanio pete na kumwapisha asiitoe. Kisha Portia huyohuyo, akiwa amejigeuza wakili wa kiume, akaidai pete kama malipo ya kuokoa maisha ya rafiki wa mumewe, na mume akaitoa. Mume anarudi nyumbani bila pete. Mke anamwuliza iko wapi. Anambana, anamtisha kwamba naye atalala na huyo wakili aliyepewa pete, anamwacha ajitetee na kujikanyaga, na kote huko pete anayo yeye. Mjakazi wake, Nerissa, anambana mumewe kwa pete nyingine. Huu ni utani mtupu: mwenye haki anajifanya adui, aliyekosa anatozwa aibu, na mwishoni kila mtu anakwenda kulala akiwa amejua jambo asilolijua asubuhi. Hakuna aliyepigwa. Na aliyeyaweka hayo katika Kiswahili sanifu ni Mkuu wa Nchi.

Mwaka huohuo wa 1969 serikali ya Nyerere ilitoa Waraka Namba 1, wenye mapendekezo ya sheria moja ya ndoa kwa watu wote, Wakristo, Waislamu, Wahindu na wanaofuata mila. Waraka huo ulizaa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wanaijua sheria hiyo kwa kifungu cha 13, kilichoruhusu binti kuozwa akiwa na miaka 15, na ambacho Mahakama Kuu ilikitamka kuwa kinyume na Katiba mwaka 2016 katika shauri la Rebeca Gyumi, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Kifungu cha 66 hakitajwi mara nyingi. Kinatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kipigo, hata kama mila inasema vinginevyo. Tanzania iliandika hivyo mwaka 1971, wakati nchi nyingi zilizojiita zimestaarabika bado zilikuwa zikijadili kama ugomvi wa nyumbani unaihusu polisi. Sina ushahidi kwamba mfasiri wa pete ya Portia aliihusisha na kifungu cha 66, wala sihitaji. Inatosha kwamba vitu hivyo viwili vilitoka katika serikali moja na katika kipindi kimoja.

Sasa twende Tunduma. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, na barabara kuu ya kwenda Zambia viliubadilisha mji huo kutoka kituo cha mpakani kuwa mlango wa nusu ya bara. Foleni ya malori ikawa sehemu ya mandhari. Dereva anakaa siku, wakati mwingine wiki, akisubiri karatasi. Hata baada ya marais Magufuli na Lungu kuzindua kituo cha pamoja cha mpakani Oktoba 2019, foleni haikufa. Imejifunza tabia mpya tu. Na penye foleni kuna anayeuza chakula, anayebadilisha kwacha kwa shilingi, anayevusha mchele na nyanya. Wengi wa hao ni wanawake. Ndiyo maana mji huu, kuliko miji mingi ninayoijua, umejaa wanawake ambao kipato chao hakitoki mfukoni mwa mume. Mwanamke wa ramsa, yule wa kujibu neno kwa neno, anahitaji mahali pa kusimama. Portia alikuwa na urithi wa baba yake. Mwanamke wa Tunduma ana meza ya biashara.

Redio iliwahi kuliona hilo. Twende na Wakati, mchezo wa Radio Tanzania ulioanza mwaka 1993, ulikuwa na dereva wa lori aliyeitwa Mkwaju, mwenye wanawake kila kituo, na mke wake Tunu. Mkwaju alikuwa mchekeshaji mzuri kiasi kwamba jina lake likawa tusi la mitaani kwa wanaume wa tabia yake. Aliishia kufa kwa UKIMWI. Tunu alianza akiwa mnyonge, akamwacha na kusimama kwa miguu yake. Haikuwa ramsa, na haikuwa ya jukwaani, lakini iliwafunza watu wa barabara ile kusikiliza ugomvi wa mume na mke kama jambo la umma.

Miaka michache iliyopita nilikuwa Tunduma kuwafuatilia wanafunzi waliokuwa uwandani, na jioni moja kikundi cha vijana kilionyesha kichekesho katika ukumbi. Sitakitaja jina, kilikuwa na vipaji, na yaliyotokea humo yanatokea kila mahali. Dereva yuko foleni siku ya nne. Mama muuza wali anamdai. Dereva anasema wali ulikuwa na mawe, halipi kokoto. Mwanamke anasema mawe hayo ni meno yake mwenyewe, yamedondoka kwa uzee. Dereva anamwita mizani ya Mpemba, inayoonea malori. Mwanamke anamwita tela lisilo na kichwa. Ukumbi ulikuwa ukiruka. Waliendelea hivyo kwa nusu saa, kila mmoja akimpandishia mwenzake, na sote tulishaona kwamba dereva amefunguliwa njia tangu juzi na hataki kuondoka. Hilo lilikuwa wazo zuri kabisa: karatasi ziko mfukoni, lori limewashwa, na yeye amerudi kubishana bei ya sahani ya wali. Kisha mwanamke akasema jambo lililomshinda dereva kulijibu. Kimya. Dereva akampiga kofi. Mwanamke akaanguka, akapiga magoti, akasema sasa ameona kwamba huyu ni mwanaume, na ngoma ikapigwa. Wakaoana.

Makofi yalikuwa makubwa. Mama mmoja wa makamo niliyekaa naye hakupiga.

“Shikamoo mama,” nikamwambia, maana katika kelele zile sikuwa nimemwamkia. “Haukukufurahisha mchezo?”

“Marahaba mwanangu. Umenifurahisha mpaka pale alipokosa jibu. Alishindwa, ndiyo maana akapiga. Zamani mtani akishindwa analipa. Huyu ameshindwa, na ndiye amepewa mke.”

Nimekuwa nikiyageuza maneno hayo tangu siku ile, kwa sababu yana nadharia nzima ndani yake. Katika utani, kukasirika ni kushindwa. Anayenyanyua mkono kwa hasira amekiri kwamba maneno yamemwishia, na jamii humtoza. Kichekesho cha kisasa kimechukua matusi ya utani, mdundo wake na hata watu wake, kisha kimekigeuza kipimo cha ushindi. Aliyeishiwa maneno ndiye mshindi. Vijana wale hawakulitunga wao. Vikundi vikubwa vya Dar es Salaam, kama Muungano na TOT, vilizunguka mikoani kwa miaka mingi na programu iliyochanganya ngoma, sarakasi, taarabu na maigizo, na baadaye runinga na simu zikaichukua kazi hiyo. Mke mwenye ulimi ni malighafi ya bei rahisi, na kofi ni njia ya haraka ya kumaliza mchezo ambao mtunzi hajui aumalizeje.

Nimesikia utetezi kwamba hata Shakespeare alifanya hivyo. Alifanya, katika The Taming of the Shrew, ingawa hata humo mume hampigi mke. Anamnyima chakula na usingizi mpaka anaita jua mwezi, jambo ambalo kwangu ni baya zaidi. Lakini alipokomaa alirudi kwenye mada hiyohiyo, mnamo 1598 au 1599, akaandika Much Ado About Nothing. Beatrice na Benedick wamekuwa wakichomana tangu zamani. Benedick anarudi kutoka vitani na Beatrice anauliza amewala maadui wangapi, maana aliahidi kula wote atakaowaua. Marafiki wanawachezea hila, kila mmoja anasikilizishwa kwamba mwenzake anakufa kwa mapenzi, nao wanaanguka. Kama tamthilia ingeishia hapo ingekuwa burudani ya jioni moja.

Haikuishia hapo. Binamu wa Beatrice, Hero, anasingiziwa uzinzi na kuaibishwa madhabahuni na mchumba wake mwenyewe, mbele ya watu wote. Mkuu wa nchi anaamini. Baba mzazi wa Hero anaamini, na anatamani mwanawe afe. Beatrice anasema ni uongo. Hana ushahidi, ana neno lake tu. Na katika wanajeshi wote waliokuja na mkuu yule, anayemwamini ni mmoja: yule ambaye amekuwa akibishana naye tangu mwanzo. Anamwuliza mara moja kama ana hakika nafsini mwake, anajibiwa, na hapo hapo anakwenda kumtaka rafiki yake wa vita wapigane. Mimi naamini si bahati. Wanaume wengine katika tamthilia ile wamezoea kuwasifu wanawake au kuwashuku. Hakuna aliyewahi kuwasikiliza. Benedick amelazimika kumsikiliza Beatrice kila siku, kwa sababu ukibishana na mtu hodari kuliko wewe na usisikilize, unaaibika. Ugomvi ulikuwa mazoezi. Siku neno la mwanamke lilipokuwa jambo la kufa na kupona, alikuwapo mwanamume mmoja aliyezoea kuliona lina uzito.

Nyerere hakuitafsiri hiyo. Jirani zetu Wakenya walifanya jambo la karibu. Mwaka 2012 kikundi cha Bitter Pill kilipeleka katika ukumbi wa Globe, London, tamthilia ya The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili, kwa jina la Wanawake wa Heri wa Winsa, katika tamasha lililokusanya lugha 37. Humo kuna mume mwenye wivu anayepekua mpaka kikapu cha nguo chafu akimtafuta mgoni wake, na mke anayemwacha apekue. Mume huyo anafikia kuomba msamaha, na anauomba mbele ya watu.

Kuna watakaoniambia: Daktari, hiki ni kichekesho tu. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba wanawake wanne katika kila kumi wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kupigwa tangu walipofikia miaka 15. Uliuliza pia kama mume ana haki ya kumpiga mke kwa sababu fulani, kama vile kuunguza chakula au kubishana naye. Asilimia 40 ya wanaume walikubali angalau sababu moja. Kwa wanawake ilikuwa asilimia 58. Kubishana kumo katika orodha hiyo. Sisemi takwimu hizo zimeletwa na vichekesho. Fimbo ni kongwe kuliko runinga. Lakini mwanamke anayepiga makofi ukumbini pale mwenzake anapoanguka na yule anayejibu ndiyo kwa mtafiti mlangoni mwake, mara nyingi ni mtu yuleyule. Kesho yake jirani yake atakwenda kituo cha polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, akiwa hana ushahidi ila neno lake.

Wanafunzi wangu wa mwaka huu nimewapa kazi. Wachukue kichekesho kile cha Tunduma, wakiache kama kilivyo hadi pale dereva anapokosa jibu, na waandike upya kuanzia hapo kwa kanuni za utani: aliyeshindwa analipa. Wameleta miswada kumi na minne. Katika miwili dereva anaondoka na lori lake bila kuaga, jambo ambalo ni la kweli kuliko nilivyotarajia. Mmoja, wa binti kutoka Ileje, unamrudisha dereva na deni la wali wa siku nne, analihesabu noti kwa noti juu ya meza, na mwanamke anazirudia kuzihesabu mara mbili kabla hajamwambia akae.